Daktari wa Mazoezi na Ndoo Yangu ya Kukamulia

Alizaliwa wapi, mimi sijui, na sikupata nafasi ya kumuuliza. Sisi watu wa Tetu tunapenda kujua mtu ni wa nani, baba yake alikaa kilima gani, nyanya yake aliitwa nani. Lakini huyo mama hakuwa anakubali. Ukianza tu, "Na nyinyi kwenu ni...", anakukata hapo hapo. "Cucu," ndio kusema nyanya, "lala kwa ubavu, inua mguu." Sasa mguu ikiwa hewani, mambo ya ukoo utauliza saa ngapi?

Mimi nilikuwa namwita Daktari wa Mazoezi. Yeye alikuwa anakataa, anasema yeye si daktari, yeye ni fisio. Lakini hiyo fisio ilikuwa inanishinda mdomo, inatoka kama fisi, na mtu amekusaidia vile alinisaidia huwezi ukasimama kwa mlango yake ukamwita fisi. Kwa hivyo ni Daktari wa Mazoezi, na Nyeri yote sasa inamwita hivyo. Hiyo jina ni mimi nilitoa, usidanganywe na mtu.

Alikuwa mama mnene kidogo, wa umri ya kuwa mtoto yangu wa kwanza, sketi ndefu, sweta ya kushona na mkono, na chini amevaa viatu za michezo nyeupe. Nyeupe kabisa, na matope ya Nyeri unaijua. Alikuwa anaziosha na mswaki. Na kila wakati alikuwa na mahindi ya kuchoma karibu, anatoa punje moja moja anatafuna kama mtu anafikiria kesi.

Chumba yake ya kazi ilikuwa mjini, juu ya duka ya dawa ya ng'ombe. Juu, unasikia? Mtu wa kutibu miguu ameweka kliniki mahali pa kupanda ngazi. Watu walikuwa wanalalamika mpaka wanachoka. Mimi nilimuuliza siku moja, "Daktari, kwani chini hakukuwa na nafasi?" Akaniambia nafasi ilikuwa, alikataa yeye mwenyewe. Alikuwa anakaa na mgongo kwa mlango, anatafuna mahindi, anasikiza watu wakipanda. Ukifika juu ameshajua nusu ya ugonjwa yako. Siku yangu ya kwanza nilipanda nimeshika ukuta, nikafika juu nikiwa sina pumzi, na kabla nitoe hata salamu, yeye bila kugeuka akasema, "Huyo ni mtu mzima, hatua ya kushoto ni fupi, na anaogopa kuleta mguu katikati. Karibu, cucu, ukae."

Nikafikiri ni mchawi. Sikukaa, nikabaki nimesimama nikimwangalia.

Wacha nirudi nyuma kidogo ndio uelewe nilifikaje huko.

Mimi nakaa Giakanja, chini ya barabara, mahali shamba imelala kama paa la nyumba. Ilikuwa wakati wa mvua. Nilikuwa nimekata nepia, ile nyasi ndefu ya ng'ombe, mzigo iko mgongoni, kamba iko kwa kipaji cha uso vile tunabeba, na gambuti zangu, zile viatu za mpira, zilikuwa zimeisha meno chini. Nikateleza. Lakini si kuanguka ya kawaida. Mguu moja ilienda Nyeri na ingine ikaenda Othaya. Nikasikia kitu ndani ya paja, pale juu kabisa, imelia kama leso ikipasuliwa. Nikakaa kwa matope, nepia iko juu yangu.

Jirani yangu Mama Njoki akanipata hapo.

"Mama Kariuki, unafanya nini hapo?"

"Napumzika."

"Kwa matope?"

"Kuko na baridi kidogo, kuzuri."

"Umeumia wapi?"

Sasa hapo ndipo mambo yaliharibika. Mtu wa umri yangu, mama wa kanisa, mama mkwe wa watu, utasema nimeumia kati ya mapaja? Hiyo mahali sisi hatuitaji kwa jina. Hata bwanangu, Mungu amlaze pema, tulikaa na yeye miaka yote na hiyo mahali haikuwa na jina kwa mdomo yetu. Nikasema, "Goti."

Basi goti ikatibiwa. Mama Njoki alileta mafuta ya kondoo na maji moto, akakanda hiyo goti mpaka ikang'aa kama kiatu ya askari. Kariuki, kijana yangu, akakuja na gari akanipeleka hosipitali. Kuingia, daktari ni kijana wa rika ya mjukuu yangu, ndevu bado inatafuta njia. "Cucu, unaumwa wapi?" Mimi huyo? Nitamwonyesha nini? "Goti, mwanangu." Akaikunja, akaikunjua, akaipiga picha. Akarudi akitabasamu, akasema goti yangu ni nzuri kushinda yake. Nikamshukuru. Nikarudi nyumbani nikichechemea na goti nzuri.

Na uchungu, ningevumilia. Mimi nimezaa, uchungu tunajuana. Shida ilikuwa Chania.

Chania ni ng'ombe yangu. Nilimwita jina ya mto kwa sababu ya vile anatoa maziwa. Na mimi nakamua vile mama yangu alikamua. Unakaa kwa kastuli, kakiti kadogo, chini kabisa, ndoo unaishika katikati ya magoti, unaifinya isisonge, ndio mikono yote miwili ibaki ya kazi. Ndoo haikai chini kwa mavi. Sasa nikikaa hapo, nikijaribu kufinya ndoo, pale ndani ya paja kunawaka moto, magoti yanafunguka yenyewe, ndoo inaanguka, Chania anarusha teke. Na Chania hataki mtu mwingine. Kariuki aliandika mzee wa kibarua akuje kukamua. Chania alimwangalia, akashikilia maziwa yake yote, akatoa ya kuweka kwa chai tu. Matiti yakaanza kufura.

Jumapili moja Kariuki akakaa chini, akavua kofia. Mtu akivua kofia kwa nyumba ya mama yake, ujue kuna maneno.

"Mami, tuuze hii ng'ombe."

Nikaendelea kuchuja chai.

"Tuuze, na wewe ukuje ukae na sisi mjini. Huwezi kukaa hapa peke yako na mguu haifanyi. Nikiwa kazini huko juu ya nguzo za stima, nafikiria wewe umeanguka kwa hiyo mteremko na hakuna mtu."

Na si ati ni mtoto mbaya. Huyo kijana ananipenda. Lakini nyumba yake ya mjini ninaijua. Ni ya juu kwa ghorofa, iko na televisheni kubwa na vigae vya kuteleza, na hakuna mahali unaweza kupanda hata kitunguu. Nikiamka asubuhi nitaenda wapi? Nitasalimia nani? Nikaona nikienda huko nitakuwa kama kalenda ya mwaka jana, nimetundikwa tu kwa ukuta. Nikamwambia, "Baba, nipatie mpaka mvua iishe." Akakubali, lakini nikaona ameshaamua.

Ndio nikaenda mjini kununua mafuta ya kupaka Chania matiti. Mwenye duka ya dawa akaniona vile naingia, nikimweleza ng'ombe iko na shida gani, akasema, "Cucu, mimi natibu ng'ombe. Ya watu ni huko juu." Akanionyesha ngazi.

Sasa turudi kwa huyo mama na mahindi yake.

"Unaumwa wapi, cucu?"

"Goti."

Akacheka na pua. "Wazee wa Nyeri wote wanaumwa na goti. Tangu nianze hii kazi sijapata mtu mmoja hapa ako na paja." Akatafuna punje. "Haya. Wewe kama ungekuwa mbuzi, na huyo mbuzi amechinjwa, ungeniambia nikate wapi?"

Na wewe unajua sisi na mbuzi. Kwetu kila kipande ya mbuzi iko na jina na iko na mwenyewe, masikio ni ya nani, mbavu ni ya nani, na hakuna aibu hapo, hata pasta akiwa amekaa. Mdomo yangu ikafunguka bila kuniuliza. "Mguu ya nyuma, ya kushoto. Upande wa ndani, juu kabisa pale inashikana na mwili. Kuna ukamba mgumu hapo, ndio huo."

"Uliteleza, miguu ikapanuka?"

"Moja Nyeri, moja Othaya."

"Basi sasa tumeelewana," akasema. Na kutoka hiyo siku sikuwa na aibu na yeye tena. Kiswahili ya vitabu inaita hiyo mahali kinena, yeye ndiye alinifundisha. Nikaona ni jina nzuri tu, haina matusi, na nikashangaa kwa nini tumeificha hivyo.

Hiyo mbuzi hakufanyia mimi peke yangu. Kulikuwa na mzee wa kanisa, mtu wa suti na fimbo, alikuwa amekaa miezi mingi akisema ni mgongo. Tulimsikia kutoka kwa benchi akielezea mbuzi kwa sauti ya kuhubiri, kipande kwa kipande, mpaka daktari akamwambia, "Mzee, inatosha, nimeshiba." Yeye alikuwa ameumia akiruka mtaro. Kitu alikuwa anataka ni kupiga magoti kwa maombi na kuinuka bila kushikwa mkono na wasichana wa kwaya.

Nilifikiri atanikanda. Hakunigusa. Alinituma kwanza nikapigwe picha ya nyonga. Akasema mtu wa umri yangu akianguka unaangalia mfupa kabla ya kitu yoyote, na akaweka mkono juu ya meza akasema bila hiyo picha hataniinua hata kidole. Picha ikarudi nzuri. Ni msuli ilikuwa imechanika kidogo, ikaanza kupona, halafu ikalala kwa sababu mimi pia nilikuwa nimelala. Akaniuliza nilikuwa naitibu na nini. Nikamwambia mafuta ya kondoo.

"Kwa goti?"

"Kwa goti."

"Hiyo mafuta rudisha jikoni, cucu. Kaangia viazi."

Mama Njoki aliposikia hiyo alikasirika, hakunipitia siku nyingi. Lakini alirudi. Hawezi kukaa bila kujua habari.

Kazi ya kwanza ilikuwa kufinya. Unalala chali, unakunja magoti, unaweka kitu laini katikati, unafinya polepole. Akanipatia mpira ya watoto. Nikamwambia mimi si mtoto, na huo mpira utanitoroka kwa mteremko mpaka mtoni. Akafikiria, akasema, "Giakanja hamna kabichi?" Basi nikawa nafinya kabichi. Asubuhi na jioni, niko kwa kitanda, kabichi iko kwa magoti, namwangalia Mungu kwa mabati. Na hiyo kabichi tulikuwa tunaipika baadaye, hakuna haja ya kutupa chakula.

Kuhesabu hakutaka. Alisema mtu akihesabu anakimbilia mwisho. Kila mtu alikuwa anapatiwa kitu yake ya kupima nayo. Mimi nilikuwa naimba beti moja ya wimbo wa kanisa, nafinya mpaka beti iishe, naachilia wakati wa kiitikio. Mzee wa kanisa alikuwa anataja vitabu vya Biblia. Na kulikuwa na kijana mmoja mkubwa kama mlango, mchezaji wa mpira, huyo alikuwa anataja majina ya timu yake kutoka kwa kipa mpaka mbele, jasho inatoka. Ukiwa kwa benchi unasikia huku wimbo, huku Mambo ya Walawi, huku kipa na mabeki, unafikiri ni mkutano ya nini.

Juu ya uchungu alikuwa na neno moja, na alikuwa analisema kwa kila mtu, tajiri na maskini. "Uchungu ikiongea na wewe, endelea. Ikipiga kelele, wacha." Mimi nilimwambia yangu inanong'ona. Akasema hiyo ni tabia nzuri, nisiifundishe kelele.

Baada ya kabichi ikakuja gunia. Nasimama kwa sakafu ya simiti nimeshika meza, mguu ya kushoto iko juu ya gunia, naisukuma nje, naivuta irudi. Kuivuta irudi ndio kazi. Baada ya gunia ikakuja tyubu ya baiskeli, upande moja imefungwa kwa mguu wa kitanda na ingine kwa mguu yangu, navuta. Mama Njoki akaingia siku hiyo bila hodi, kikombe ya chai iko mkononi.

"Mama Kariuki, ni nani amekufunga?"

"Daktari."

"Umefanya nini?"

Nikacheka mpaka tyubu ikaniponyoka ikampiga kikombe yake ya chai. Lakini usifikiri alienda. Alikaa, akaniangalia, halafu akasema kwa sauti ya chini yeye pia ako na goti. Nikamwambia, "Goti goti, ama goti kama yangu?" Wiki iliyofuata tulipanda ngazi pamoja.

Daktari alikuwa mtu wa ajabu kwa mambo ya subira. Na msuli alikuwa na subira kama mtu anangoja kuku aangue. Hakuna kuharakisha. Lakini mwekee sufuria ya chai kwa moto, anafunua kifuniko, anafunika, anafunua, mwisho anakunywa ikiwa bado haijachemka na anasema ni tamu. Foleni ya benki ilikuwa inamshinda, anatoka anaenda. Nilimuuliza siku moja hiyo subira ya kliniki anatoa wapi. Akasema anaitumia yote hapo, nyumbani anafika mfuko mtupu.

Na alikuwa mkali. Huyo kijana wa mpira alikuja siku moja akisema amepona, Jumapili anacheza. Daktari akaweka mahindi chini. Akamwambia asimame na mguu moja, hiyo mbaya, akunje goti kidogo. Kijana akatetemeka kama kuku amenyeshewa. "Sasa," akamwambia, "hiyo Jumapili ni ya watu wengine. Yako bado haijafika." Yule kijana mkubwa akatoa machozi mbele yetu. Tukaangalia dirisha. Lakini kitu watu hawajui, na mimi nilijua kwa sababu niliiona na macho yangu, siku kijana aliruhusiwa kucheza, huyo mama alienda uwanjani. Alisimama nyuma kabisa, karibu na mama wa kuuza njugu, amejifunga kitambaa ndio asijulikane. Viatu nyeupe zikamtoa. Kijana aliingiza bao na hiyo hiyo mguu, na daktari hakupiga hata makofi, alinunua njugu akaenda zake. Kesho yake nikamwambia nilimwona. Akasema mimi nazeeka, macho inanidanganya.

Mimi mwenyewe alinikamata. Nilikuwa naona nimekuwa sawa, nikajaribu Chania kabla ya ruhusa, siku moja tu. Uchungu ikapiga kelele. Nikajinyamazia, nikaenda kliniki nikitembea vizuri kama bibi harusi. Sijafika ngazi ya mwisho nasikia kutoka ndani, "Cucu, umekamua." Akanirudisha kwa kabichi.

Na mvua ilikuwa inaisha.

Kariuki alinipigia simu asubuhi, akasema amepata mtu wa Mweiga, mtu mzuri, ako na shamba kubwa ya ng'ombe, atakuja Jumamosi kuangalia Chania. Nikampigia daktari, sijui hata nilitaka aniambie nini. Nikamwambia, "Jumamosi wanachukua ng'ombe." Nikasikia mahindi ikitafunwa. Akauliza, "Kabichi sasa unafinya namna gani?" Nikamwambia siku hizi kabichi ndiyo inalia, si mimi. Akasema, "Jumamosi ninakuja. Usiguse ndoo kabla nifike."

Alifika na pikipiki ya boda, viatu zake amezivua amezishika mkononi, amevaa gambuti. Alinipima hapo hapo kwa sebule. Simama na mguu moja. Teremka chini kama unakaa kwa kastuli. Finya ngumi yangu na magoti. Alifinyiwa hiyo ngumi mpaka akaitoa akaitikisa. Halafu akasema, "Twende nione ukikamua." Lakini kufika karibu na zizi akasimama. Chania akageuza kichwa akamwangalia. Daktari akarudi nyuma akashika nguzo ya lango. Huyu mama, mwenye anafanya wanaume wanalia, alikuwa anaogopa ng'ombe.

"Ako na pembe," akaniambia.

"Hana. Hizo ni masikio."

"Mimi naonea hapa."

Wakati huo ndio gari ya Kariuki iliingia na yule mtu wa Mweiga, mtu mrefu wa kofia, wa heshima. Sasa, mtu wa kununua ng'ombe ya maziwa kwetu hakubali maneno. Lazima ng'ombe akamuliwe yeye akiona, kutoka chuchu mpaka ndoo. Kariuki akaita mzee wa kibarua. Mzee akakaa, akavuta, akavuta. Chania akaangalia mbali kama mtu amesikia habari ya kuchosha. Chini ya ndoo kukapatikana maziwa ya kulamba paka. Halafu teke moja, ndoo ikaenda mpaka kwa ndizi.

Mtu wa Mweiga akasema polepole, "Nimeambiwa huyu anatoa."

"Anatoa," Kariuki akasema. Aibu ilikuwa imemshika.

Nikaangalia daktari pale kwa lango. Aliinamisha kichwa tu, hivi, kidogo.

Nikaokota ndoo. Nikaiosha. Kariuki akasema, "Mami, wacha, utaumia." Nikamwambia, "Baba, nisongee." Nikavuta kastuli yangu, nikakaa chini kabisa, nikaweka ndoo katikati ya magoti, na nikafinya. Nikangoja ule moto. Moto haukukuja. Pale ndani kulikuwa kumeshika, kumekaza kama mkono wa mtu mzima. Nikaosha Chania chuchu, nikaanza ile beti yangu ya kufinyia kabichi, na huyo ng'ombe akapumua pumzi moja ndefu, akaachilia. Maziwa ikapiga ndoo kama mvua kwa mabati. Beti ikaisha nikaanza ingine. Povu ikapanda. Akahamisha mguu, akagonga ndoo, na ndoo haikusonga hata kidogo, magoti yangu yalikuwa yameishika.

Nilipoinuka niliinuka peke yangu. Sikushika ukuta, sikushika ng'ombe. Ndoo iko mkononi, imejaa.

Mtu wa Mweiga akavua kofia. "Huyu namchukua," akasema. "Huyu namchukua leo."

"Haendi," nikamwambia. "Umetaka kuona kama anatoa, umeona. Na umeona anatolewa na nani."

Akageuka kwa Kariuki. Kariuki alikuwa ananiangalia miguu, halafu ndoo, halafu miguu tena. Daktari akaongea kutoka kwa lango, hajaachilia nguzo bado. "Kijana ya cucu, mimi huyu nimemwachilia. Kwangu hana ugonjwa tena. Sasa wewe ukitaka kumpeleka mjini, usiseme ni mguu. Tafuta sababu ingine."

Kariuki akakuja akachukua ndoo kutoka kwa mkono yangu, akasema, "Mami, nitaleta mawe tutengeneze ngazi kwa huo mteremko." Ndio hiyo tu. Kofia alikuwa ameivaa. Mimi nikaingia jikoni kuweka chai, kwa sababu nilikuwa karibu kulia na kulikuwa na wageni.

Mtu wa Mweiga alikunywa vikombe vingi. Alisema ametoka kwake mbali hivyo kuja kuangalia cucu akifinya ndoo, na hajuti. Akauliza daktari kliniki iko wapi, ati yeye ako na goti.

Hizo zote sasa zimepita, ni miaka kadhaa. Kliniki ilifungwa, yeye akasema amechoka na anaenda kupumzika. Mimi nilifikiri sitamwona tena. Lakini juzi, siku ya soko hapa Giakanja, nilikuwa nimenunua kamba na chumvi ya ng'ombe, natembea naenda nyumbani, nikasikia mtu ako nyuma yangu. Nikipunguza, anapunguza. Nikiongeza, anaongeza. Nikageuka nikitaka kumtukana, ni yeye. Ameweka mikono nyuma, anaangalia miguu yangu kama mtu anasoma gazeti.

"Tembea tu, cucu. Usisimame. Tangu pale kwa mama wa viazi nakuangalia."

"Na umeona nini?"

"Sioni kitu," akasema. "Natafuta ile hatua fupi ya kushoto, siioni." Na akajifanya anafunga kitambaa.

Tukasalimiana sasa vizuri, mikono miwili. Amepungua, nywele zimekuwa nyeupe. Akaniambia nyumbani anakaa tu, mchana inakuwa mrefu, hakuna mtu anapanda ngazi. Nikaona hayo si maneno ya kusimamia kwa barabara. Nikamwambia twende kwangu tunywe chai. Akauliza kama boda inafika. Nikamwambia mvua imenyesha, boda haishuki, ni miguu.

Tukashuka. Zile ngazi za mawe Kariuki alitengeneza ziko, lakini daktari alikuwa anazishuka moja moja, ameshika ua ya watu, anapumua kama amebeba nepia. Mimi nilifika katikati nikamngoja. Nikashuka tena nikamngoja. "Cucu," akaita kutoka juu, "kwani unakimbizwa na nani?" Nikamwambia aweke hatua fupi na asiangalie mbali, aangalie jiwe ya mbele yake. Akasema asante, daktari.

Na huko chini Chania alikuwa amenisikia sauti, ameanza kuita.

"Wewe kuja polepole," nikamwambia. "Mimi natangulia nioshe ndoo."